Aliyemkanda Mama Kabira

Siku nesi wa Riyadh alipoingia nyumba ya mtaa wa Al-Nuzha, Jeddah, akiburuta sanduku lake la magurudumu, Lorine alikuwa mlangoni na ufagio mkononi, na kabla hajamwona vizuri alikwisha kumchukia. Lakini usiharakishe kumlaumu. Lorine alikuwa amemuuguza Mama Kabira miezi saba mizima. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha supu ya shayiri kijiko kimoja kimoja, na ugonjwa wenyewe haukuwa wa mchezo. Ilikuwa saratani ya kongosho, ile inayouma tumboni ikatokea mgongoni, mtu akaketi amejikunja na kuegemea mto kwa sababu kulala chali hawezi.

Jina lake hasa bibi huyo lilikuwa Badriya, lakini wafanyakazi wote walimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyemzaa Baba Hisham, kafili wao, yaani mwajiri aliyewadhamini. Madaktari wa Jeddah walimpa vidonge vya mofini. Vilimpunguzia maumivu kidogo na kumwongezea kutapika. Alishinda amelala kinywa wazi, na akiamka hajui ni Jumatatu au Alhamisi.

Kilichomfaa, kama ungemuuliza Lorine, ni kukandwa. Lorine alizaliwa Butere, na nyanya yake ndiye aliyekuwa akiitwa kila boma lililopata mzazi. Lorine naye alileta dawa yake kutoka jikoni: chumvi ya mawe, anaikaanga kwenye sufuria kavu mpaka ianze kurukaruka, anaifunga kwenye kitambaa cha pamba, kisha anaibandika taratibu tumboni na kiunoni. Katika kazi hiyo sheria ni moja tu, na nyanya yake aliirudia hadi inachosha: anayekandwa ndiye anayeujua moto. Wewe mkandaji unatia, unasubiri, unatia. Hukomi mpaka mwenye mwili aseme basi. Mama Kabira alikuwa akisema "halas", na Lorine anaondoa kitambaa, na bibi anapumua, anamshika mkono hivi, anamwita binti yangu. Mwanamke aliyeacha wanawe kwa dada yake akaja kudeki sakafu za watu, akiitwa binti yangu kila siku, mwambie hilo si kitu uone atakavyokutazama.

Sasa, mwezi wa pili mwaka ule wa 2014, Baba Hisham alisikia habari za daktari mmoja wa nusukaputi huko Riyadh ambaye kazi yake siku hizi haikuwa kulaza watu wapasuliwe bali kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani. Akampeleka mamake kwa ndege. Lorine alikwisha kufunga nguo zake mbili kwenye mfuko, akaambiwa hapana, wewe baki uangalie nyumba. Akabaki siku kumi na mbili, akipangusa vumbi kwenye kitanda kisicho na mtu, na roho inamuuma.

Siku ya kumi na tatu gari likasimama mlangoni, na Mama Kabira akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Alipanda ngazi tatu. Kisha akacheka, kicheko kabisa, kwa sababu paka wa jirani alikuwa amelala juu ya viatu vya Nahashon dereva. Lorine hakuwahi kumsikia akicheka miezi yote hiyo. Na mkono ambao bibi alikuwa ameushika wakati anacheka haukuwa wa Lorine. Ulikuwa wa huyo nesi.

Angekuwa Mfilipino, Lorine angevumilia. Angekuwa Mmisri, angenung'unika siku mbili akazoea. Lakini nesi mwenyewe alikuwa Celestine, Mkenya, tena wa Vihiga, kutoka kwao Lorine ni mwendo wa kufika kabla jua halijakolea. Ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, iliandikwa muuguzi. Alikula mezani na Madam Samar, mke wa Baba Hisham. Aliitwa Sista Celestine, na yeye Lorine alibaki kuitwa "ya Lorine" kutoka chumba hadi chumba. Na Lorine alikuwa ameomba chuo cha uuguzi mara mbili, mara mbili wakamrudishia fomu kwa sababu ya alama za kemia. Hakumwambia mtu jambo hilo Jeddah nzima. Lilikuwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Dada Lorine, shikamoo," Celestine alimwamkia jikoni siku hiyo ya kwanza, kwa heshima zote, kwa kuwa Lorine alimzidi miaka.

"Marahaba," Lorine akajibu, akaendelea kumenya vitunguu ambavyo havikuhitajika.

Kilichofanya Mama Kabira acheke kilikuwa mrija mwembamba kama uzi wa kushonea. Yule daktari aliupitisha mgongoni, katikati ya mifupa ya uti, ukafika mahali neva za tumbo zinapoingilia. Sehemu nyingine ya mrija ilipita chini ya ngozi ikatokea ubavuni, ikafunikwa kwa plasta safi, ikaunganishwa na pampu ndogo yenye ukubwa wa redio ya mfukoni. Pampu ilidondosha dawa ya ganzi na mofini kidogo sana, tone kwa tone, usiku na mchana. Maumivu yalikuwa bado yapo huko yalipo, ila njia ya kupeleka habari kichwani ilikuwa imefungwa. Bibi hakusinzia tena ovyo. Alikula. Aliwauliza watu habari zao.

Kila asubuhi Celestine alichukua kipande cha barafu, akakifunga kwenye shashi, akampitishia Mama Kabira tumboni kuanzia kifuani kwenda chini.

"Barid?" anauliza.

"Barid," bibi anajibu. Barafu inashuka. "Barid." Inashuka tena, ikifika juu kidogo ya kitovu, bibi anasema, "Mafi," hakuna, na wote wawili wanacheka kama watoto wanaocheza kibe.

Ndivyo manesi wa kazi hiyo wanavyopima ganzi imefika wapi. Lorine, aliyesimama mlangoni na taulo, aliona kitu kingine kabisa. Aliona mtu anayempapasa bibi yake, anayemchezesha, anayechekeshwa naye. Alifyonza kimoyomoyo.

Celestine hakuwa mjinga. Siku ya nne alimfuata kwenye chumba cha kufulia. "Dadangu, nataka nikuonyeshe jambo kuhusu mrija. Hapa katikati Mama hasikii vizuri, kwa hivyo usije ukam—"

"Nguo ziko kwenye mashine," Lorine akasema, na kelele za mashine zikamsaidia. "Na mimi sikusomea mambo ya mirija. Hayo ni yenu mliosoma."

Celestine akaona uso alioonyeshwa, akaondoka. Alipaswa kurudi. Hata yeye mwenyewe alilikubali hilo baadaye. Hakurudi.

Wiki ya tatu Baba Hisham akamwita Lorine sebuleni. Alikuwa mtu wa maneno machache na hakuwa mbaya. Alimwambia kwamba dada yake wa Riyadh amejifungua pacha na hana msaidizi, na kwa kuwa mama sasa ana nesi na hali yake ni nzuri, Lorine ataenda huko baada ya mwezi wa Ramadhani. Alisema kana kwamba anahamisha kabati.

Lorine alirudi jikoni. Nahashon alikuwa mezani anakunywa chai.

"Umesikia?" akamuuliza.

"Nimesikia. Sasa utaenda ubembeleze watoto wanaolia kweli," Nahashon akasema, kisha akamtazama vizuri. "We mama, unamwonea gere yule msichana. Kila mtu ameona. Hata mimi na mambo yangu ya gari nimeona."

"Gere ya nini? Mimi nina nini cha kumwonea gere?"

"Haya basi, huna." Akamimina chai iliyobaki kwenye sinki akatoka.

Gere alikuwa nayo, na ilikuwa inamla. Alilala nayo, aliamka nayo. Akipeleka trei ya chakula na kumkuta Celestine amekaa kwenye ukingo wa kitanda, pale pale pa kwake, anatamani trei imponyoke. Akaanza kuketi kwenye kiti cha mlangoni kama mgeni anayengoja gari. Mama Kabira alimwita, "Lorine, njoo hapa karibu," na yeye alijibu, "Nina kazi, Mama." Alitaka abembelezwe. Akibembelezwa mara moja alitaka abembelezwe mara ya pili, na mara ya pili haikuja kwa sababu bibi alidhani kweli ana kazi.

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, Celestine alilazimika kwenda hospitali ya hapo Jeddah kuchukua mfuko mpya wa dawa ya pampu. Alimwomba Lorine akae na mgonjwa saa mbili tu, asiguse pampu, akiona taa nyekundu apige simu. Lorine aliitika. Gari lilipotoka getini tu, alikuwa jikoni, sufuria iko motoni.

Chumvi ikaanza kurukaruka. Aliifunga kwenye kitambaa kile cha siku zote na kuingia nayo chumbani, mabega yake yamenyooka.

Mama Kabira alipoiona, uso wake ulichanua. "Chumvi," akasema. "Ya Lorine, hukuisahau?"

"Nitasahauje, Mama?" Akafunua jalabia, akabandika kitambaa tumboni, upande ule wa plasta lakini si juu yake. Akasubiri. "Inatosha?"

"Tamam," sawa kabisa, bibi akasema. "Tamam sana."

Alisubiri halas. Haikuja. Basi alijua kwamba moto haujafika. Akarudi jikoni, akaikaanga upya, kali zaidi. "Hapo je?" "Tamam, binti yangu." Mara ya tatu yeye mwenyewe alikuwa anaishika kwa taulo lililokunjwa mara mbili, vidole vinamuuma, na moyo wake umejaa furaha kwa sababu bibi anatabasamu, anamsimulia alivyoolewa akiwa na miaka kumi na sita, anamshika mkono. Kwa saa nzima hakuna mrija, hakuna Riyadh, hakuna chuo cha uuguzi. Alimfunika, akaosha sufuria, akairudisha mahali pake.

Kesho yake asubuhi Celestine alifunua jalabia na barafu mkononi. Ngozi ya mtu mzima yule, iliyokuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, ilikuwa imevimba lengelenge la ukubwa wa kiganja, nusu yake limepasuka, na maji yake yamefika kwenye plasta ya mrija.

"Nani ameweka moto hapa?"

Lorine alikuwa mlangoni na taulo. "Sijui," akasema.

Celestine alimpigia simu daktari wa Riyadh, na jibu likawa fupi: mrija utolewe leo, maana uchafu wa kidonda kama kile unaweza kuufuata mrija mpaka kwenye uti wa mgongo, na hapo bibi atakufa kwa jambo jingine kabla ya saratani. Wakampeleka hospitali, ukatolewa. Baba Hisham, mtu yule wa maneno machache, siku hiyo maneno yalimtoka. Alimuuliza mamake nani alifanya. Mama Kabira akasema, "Mwanangu, hapo sisikii kitu, utaniulizaje?" Akamuuliza Lorine, Lorine akarudia sijui yake. Akamgeukia nesi. Wewe ndiye nesi. Wewe ndiye unayelipwa kujua. Celestine hakumtaja mtu. Alisema tu kwamba mgonjwa alikuwa mikononi mwake. Akafunga sanduku lake, na jioni hiyo hiyo Nahashon akampeleka uwanja wa ndege.

Lorine alisimama dirishani akaliona gari likikata kona. Nitasema ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe aliusema baadaye: alifurahi. Aliogopa, aliona haya, na chini ya hayo yote alifurahi.

Ganzi iliisha kwa saa chache. Maumivu yalirudi yote kwa pamoja, na sasa yalikuja na mwenzake, kidonda cha moto kinachochoma juu ya ngozi wakati saratani inakereza ndani. Vidonge vikarudi, kutapika kukarudi. Mama Kabira aliuma pindo la shela yake mpaka likatoboka. Na alimwita Lorine. Asubuhi Lorine, adhuhuri Lorine, Lorine kabla hajafika mlangoni, Lorine angali amemshika. Hakumwita mwingine. Madam Samar akiingia, bibi anamtafuta Lorine kwa macho. Kila alichokuwa amekitaka mwanamke yule alikipata, na hakuwa na la kufanya nacho. Chumvi hangeweza kuiweka popote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, pale pa kwake, akamshika mtu anayetetemeka.

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, kidonge kilikuwa kimeshika kidogo. Lorine alimwuliza polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Mama, siku ile kwa nini hukusema halas?"

"Sikusikia kitu, Lorine. Si moto, si baridi. Niliona tu kitambaa kinakuja, kinakwenda."

"Mbona ulisema tamam?"

"Ulikuwa unacheka," bibi akasema. "Wiki tatu ulikaa pale mlangoni umenikunjia uso. Ulipokuja na chumvi yako ulikuwa unacheka. Nikasema, haitanidhuru. Acha acheke." Akavuta pumzi, na maumivu yakamshika katikati ya pumzi hiyo, akaanza tena kuuma shela.

Lorine alitoka chumbani bila ndara. Baba Hisham alikuwa sebuleni na simu mkononi. Lorine hakupiga magoti, hakulia, alisimama tu mbele yake.

"Baba, ni mimi niliyemchoma Mama. Nilimwekea chumvi ya moto nesi alipotoka. Nilisema sijui, na nilikuwa najua."

Baba Hisham aliweka simu chini. "Kwa nini?"

Angeweza kusema sikujua ganzi ni nini, na ingekuwa kweli nusu. "Nilimwonea nesi wivu," akasema. "Nilitaka Mama anihitaji mimi."

Lorine aliona jinsi yule bwana alivyokuwa anapima kumfukuza. Mwishoni akasema, "Mama anakuita wewe, nitakutoa vipi sasa? Utakaa mpaka kidonda kikauke. Siku mama atakapopanda ndege kwenda kwa daktari, wewe utapanda basi kwenda kwa dada yangu. Hapa hutarudi." Kisha akampigia Celestine simu, na Lorine akiwa amesimama pale pale akamsikia akiomba radhi.

Celestine alirudi siku ya pili yake. Lorine alimngoja jikoni akitarajia matusi, na angeyapokea.

"Wewe uliniona adui," Celestine alisema huku akinawa mikono, "na mimi nilikuona mshamba asiyeambilika, nikaacha kukuambia. Haya. Njoo nikufundishe kusafisha kidonda, kwa sababu akiguswa na wewe halii sana."

Walifanya kazi hiyo pamoja siku kumi na sita. Usidhani wakawa marafiki. Lorine alishika bakuli, Celestine akashika koleo, na kila mara Celestine alipofanya jambo kwa wepesi ule wake wa mtu aliyesoma, kitu kilimfinya Lorine kifuani palepale. Alikiacha kimfinye akaendelea kushika bakuli. Kidonda kikakauka.

Huko Riyadh, nyumba ya dada yake Baba Hisham ilikuwa umbali wa robo saa kwa gari kutoka hospitali. Lorine alifika na basi la asubuhi, akapewa pacha wawili na chumba kando ya stoo. Alijua Mama Kabira yuko mji ule ule, kwenye kitanda fulani, anawekewa mrija mpya upande wa pili. Dada mtu alikwenda kumwona mamake kila alasiri na kibakuli cha supu. Lorine ndiye aliyeipika supu hiyo. Kwenda hakuruhusiwa, na hakuomba.

Siku ya tatu simu yake ikalia akiwa anaanika nepi juu ya paa, jua kali, mtoto mmoja amemfunga mgongoni. Alikuwa Celestine.

"Dada, nimeona nikupigie. Mrija umekaa vizuri. Jana alilala mpaka kukapambazuka. Leo amekula wali na kuku, na amemkemea daktari kwa sababu ndevu zake hazijachanwa."

Lorine akacheka, kisha kile kitu kikamfinya, maana aliyekuwa pale kuyaona hayo si yeye. Akajizuia asiulize. Akauliza.

"Ameniulizia?"

Celestine alinyamaza, na Lorine akajua kwamba anatafuta uongo mzuri na kwamba ameamua kuuacha.

"Hapana, dada. Kule Jeddah alipokuwa anaumwa, hakuna saa aliyokosa kukuita. Tangu jana asubuhi hajamwita mtu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Lorine aliukunja mkono ulioshika nepi ukaufunika mdomo wake. Machozi yalimtoka, na hakujua ni ya wivu au ya shukrani, wala hakuhangaika kuyatenganisha. Mtoto mgongoni akaanza kulialia.

"Usimkumbushe," akasema. "Mwache hivyo hivyo."

Akakata simu, akaanika nepi zilizobaki.